Skauti, mdahalo au kampuni ya wanafunzi: mtoto wa sekondari aingie wapi?

Mama mmoja alikuja ofisini kwangu mwezi wa pili akiwa na kipeperushi cha semina. Siku moja, Jumamosi, ukumbi wa hoteli, kiingilio kinachotosha kununua madaftari ya mwaka mzima. Kipeperushi kiliahidi kwamba kijana atajitambua, atajiamini na atatoka kiongozi.

"Mwalimu, nimpeleke nisimpeleke? Huyu mtoto mgeni akiingia tu nyumbani, yeye kakimbilia uani."

Nikamuuliza binti yuko klabu gani hapa shuleni. Hakujua. Na mimi nilipokwenda kuangalia nikakuta hayuko popote. Alikuwa kidato cha pili. Mwaka mzima ulikuwa umepita na hakuna mtu aliyemuuliza, sisi walimu tukiwemo.

Nimekuwa mlezi wa klabu kwa miaka kumi na kidogo katika shule mbili za kata. Mdahalo nimeulea mwenyewe, kampuni ya wanafunzi, yaani biashara ndogo wanayoiendesha wenyewe, nimeisimamia mara tatu, na kwenye skauti nilikuwa msaidizi wa kubebwa, maana hata fundo nililifundishwa na wanafunzi. Kwa hiyo ulinganisho huu una upendeleo wake, nao utauona huko mbele.

Darasani kuna kitu, lakini hakitoshi. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule imfundishe mtoto kuamua na kufanya kazi na wenzake, pamoja na kufaulu mitihani. Kilichobaki katika shule nyingi ni jembe na kipindi cha usafi. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na pia somo la biashara kwa wote. Ni hatua nzuri. Ila somo lenye mtihani husomwa kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi wangu anaweza kukuandikia sifa tano za kiongozi bora bila kosa la herufi, kisha akashindwa kumwambia mwenzake arudishe kalamu aliyoazima.

Shirika la Afya Duniani, katika miaka ya 1990, lilitaja stadi 10 za maisha: kufanya maamuzi, kutatua matatizo, kufikiri kwa ubunifu, kufikiri kwa kina, kuwasiliana, kuishi na watu, kujitambua, kuhisi machungu ya mwenzako, kuhimili hisia na kuhimili msongo. Kujitambua ni moja tu kati ya hizo kumi, ingawa kwenye kipeperushi cha yule mama ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa nyekundu. Zile tisa nyingine mtu hazipati akiwa peke yake mbele ya kioo. Zinahitaji wenzako wakukere kidogo, wiki baada ya wiki. Ndiyo maana nazitazama klabu kwanza.

Omba daftari

Kabla hujalinganisha klabu na klabu, fanya jambo moja ambalo wazazi karibu wote hawalifanyi. Omba kuona daftari la kumbukumbu la klabu. Usiombe katiba wala picha za mgeni rasmi. Omba daftari lenye tarehe, waliohudhuria, kilichojadiliwa, na nani alipewa kazi gani. Hesabu tarehe. Kikao cha mwisho kikiwa cha mwezi wa tatu na sasa ni wa nane, hiyo klabu ipo ukutani tu. Tazama pia mwandiko. Ukiwa wa mwalimu, ujue kazi anaifanya mwalimu na watoto wanatazama.

Klabu hafifu yenye jina kubwa haiizidi klabu ndogo ya kufuga sungura inayokutana kila Alhamisi. Nikisema hapa chini kwamba skauti inafaa kwa hili na mdahalo kwa lile, nazungumzia klabu ambayo daftari lake limejaa.

Mdahalo na Klabu ya Fema: swali la lugha

Kila aliyesoma sekondari Tanzania anaijua Ijumaa ya mdahalo. Wanafunzi wamebanana ukumbini au chini ya mwembe, kuna mwenyekiti, katibu na mtunza muda mwenye kengele, upande wa kuunga mkono na upande wa kupinga. Mada ni zile zile walizozikuta kaka zao: mwalimu ni bora kuliko daktari, maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini, elimu ni bora kuliko pesa. Na yote kwa Kiingereza.

Nguvu ya mdahalo ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kupangiwa upande usioutaka. Mtoto wa muuguzi anaambiwa apinge daktari. Analazimika kutafuta hoja ndani ya kichwa cha mwingine. Halafu anapewa ruhusa ambayo nyumbani hana, ya kumpinga mkubwa wake kidato mbele ya watu bila kuitwa mjuaji, mradi aanze na "Mheshimiwa mwenyekiti". Kwa vijana waliolelewa kwamba mtoto hajibishani, hiyo si ruhusa ndogo.

Udhaifu wake ni hesabu. Wanafunzi 300 wamekaa, wanaoongea ni wanane, na wanane hao ni wale wale tangu Januari. Waliobaki wanapiga makofi kwa anayesema kwa kasi, hata kama hakuna hoja. Mtoto ambaye Kiingereza chake bado kichanga hujifunza kitu kimoja kila Ijumaa: kwamba yeye hana la kusema. Hilo ni somo baya, na tunalifundisha kwa bidii.

Kama shule ya mwanao inagawa mdahalo kwa vikundi vya watu kumi na tano madarasani kabla ya ule mkubwa, mpeleke bila wasiwasi. Kama sivyo, kuna mlango wa nyuma: aombe kuwa katibu. Watu humdharau katibu. Lakini yeye ndiye anayesikiliza kila hoja, anaiandika kwa Kiingereza mtu akiwa bado anasema, na mwisho anasimama kusoma alichokiandika. Anazungumza mbele ya shule nzima kwa maneno ambayo tayari yako kwenye karatasi. Nimeona watoto waoga wakianzia hapo wakafika mbali kuliko wasemaji wa kuzaliwa.

Ukiweka Klabu ya Fema kando ya mdahalo, tofauti inaonekana haraka. Femina Hip, shirika la habari za vijana, ilianza mwaka 1999, na kwa miaka mingi gazeti la Fema limesambazwa bure katika shule za sekondari. Klabu zilikua kuzunguka gazeti hilo, na lugha ni Kiswahili. Wanasoma kisa cha kijana aliyeacha shule au aliyepata ujauzito, wanajadili, wanaandika barua, wanaanzisha mradi mdogo. Mtoto yule yule aliye bubu Ijumaa, hapa utamkuta anakatisha wenzake. Mambo ya mwili, mapenzi na shinikizo la marafiki hayajadiliki vizuri katika lugha ambayo mtoto anatafuta kwanza nyakati za vitenzi kabla ya kufungua mdomo.

Kwa hiyo swali la nani anahitaji kipi si gumu sana. Mwenye maneno tele na subira haba, mdahalo utamfundisha kusubiri kengele. Mwenye mambo moyoni na Kiingereza kidogo, aanzie kwenye Kiswahili. Anayetaka vyote viwili anaweza, maana siku huwa tofauti.

Skauti na klabu za mazingira: swali la mikono

Skauti ni wakongwe. Baden-Powell alifanya kambi yake ya kwanza ya majaribio mwaka 1907 kule Uingereza, na kaburi lake liko jirani hapo Nyeri, Kenya, alikofia mwaka 1941. Kaulimbiu ni "Uwe Tayari", na nadhani watu wengi huishia hapo na kwenye skafu.

Skafu ndiyo shida yenyewe. Katika shule nyingi skauti wapo kwa ajili ya mgeni rasmi: wanamvisha skafu, wanapiga ngoma, wanasimama juani Mwenge unapopita, basi. Mwezi ukiisha bila mgeni, hakuna skauti. Ukienda kuuliza, usiulize kama wana sare. Uliza lini mara ya mwisho walilala nje.

Pale inapofanyika sawasawa, sijaona kitu kinachoifikia kwa mtoto wa kidato cha kwanza. Siri iko kwenye kikundi kidogo. Vijana sita hadi wanane, na mkubwa wao ni kijana mwenzao wa miaka kumi na sita. Kambini wanapewa unga, maharage, sufuria na kuni, na mvua imenyesha jana. Hakuna mama wa jikoni. Ugali ukiungua watalala na ugali ulioungua, na kesho yake yule kiongozi ataamua nani anakoka moto. Nyama ikiwa vipande saba na watu ni wanane, hapo ndipo utajua nani ni kiongozi, na hakuna semina inayoweza kuigiza hilo. Kosa linaonekana jioni hiyo hiyo, wala halisubiri matokeo ya Baraza la Mitihani.

Gharama ipo, tuseme kweli: sare, nauli ya kwenda kambini, chakula. Tangu 2016 shule za umma hazitozi ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi cha sita, lakini klabu haiendeshwi na tamko. Skauti ndiyo ghali kuliko klabu zote ninazozitaja hapa. Baadhi ya vikundi huazimana sare. Uliza kabla hujakata tamaa. Kwa wasichana kuna pia Girl Guides, na baadhi ya wazazi hukubali kambi ya wasichana watupu pale wanapoikataa ya mchanganyiko.

Klabu za mazingira ni za bei nafuu na haziombi kulala nje. Inayojulikana zaidi ni Roots & Shoots, ambayo Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12, na leo iko katika nchi nyingi duniani. Wengine hufikiri ni klabu ya sokwe. Ni ya watu, wanyama na mazingira, na shuleni kwa kawaida utakuta kitalu cha miche. Kipimo chake ni likizo ya Juni. Mche haujui kama shule imefungwa. Klabu iliyopanga zamu ya kumwagilia na zamu ikafuatwa, imefundisha uwajibikaji kuliko mabango yote ya korido. Kitalu kikirudiwa Julai kimekauka, mjue mlipanda kwa ajili ya picha.

Kati ya hizi mbili, skauti inamfaa anayehitaji kutolewa nyumbani na kuchanganywa na watu. Kitalu kinamfaa mpole anayependa kufanya jambo taratibu bila kelele. Si kila mpole ni mgonjwa wa kutibiwa.

Kampuni ya wanafunzi na uranja: fedha na madaraka

Hapa ndipo upendeleo wangu ulipo.

Junior Achievement ilianza Marekani mwaka 1919 na ina tawi Tanzania. Katika mpango wake wa kampuni, wanafunzi huunda kampuni ya kweli kwa muda: wanauziana hisa ndogo ndogo, wanachagua mkurugenzi, mhasibu na msimamizi wa mauzo, wanatengeneza bidhaa, wanauza, kisha wanafunga vitabu na kugawana faida au kulia hasara pamoja. Shule isiyo na mradi huo inaweza kufanya vile vile kwa daftari na kisanduku cha fedha, kama tulivyofanya sisi.

Wanafunzi wangu walitengeneza sabuni ya maji. Walihesabu malighafi, wakapanga bei, wakauza mpaka ikaisha, wakashangilia. Siku ya kufunga hesabu mhasibu, binti wa kidato cha tatu, akagundua kwamba hakuna aliyeandika gharama ya chupa wala nauli ya kwenda kununua vitu. Faida ikayeyuka ukumbini wakiwa wanaiangalia. Halafu kukawa na madeni. Wateja waliokopa na hawakulipa walikuwa walimu, na mmoja wao ni mimi. Yule binti alikuja na daftari mlangoni kwa ofisi ya walimu, akasalimia shikamoo vizuri kabisa, akasoma jina langu na kiasi. Nililipa nikiwa nimetazama chini. Mpaka leo sijui somo gani lingemfundisha mtoto kumdai mkubwa wake kwa heshima namna ile.

Hatari yake ni mbili. Ya kwanza, mtu mzima huja na hamu ya kushinda mashindano na kuichukua kampuni mikononi mwa watoto. Bidhaa inatoka nzuri mno na watoto hawajui imetokaje. Ya pili, wanaouza huwa wale wale wenye midomo, na wasichana hupewa kupika na kuosha vyombo. Uliza nani anashika fedha.

Uranja unaonekana kama njia ya mkato ya uongozi, na wazazi wanaupenda kwa sababu unaonekana. Kaka mkuu, dada mkuu, beji kifuani. Mimi nauangalia kwa jicho moja. Kiranja ambaye kazi yake ni kuandika majina ya waliochelewa na waliozungumza Kiswahili anajifunza kuwa mpambe wa mwalimu wa zamu. Kiranja anayeshika funguo za stoo na kutoa hesabu ya majembe kila Ijumaa, au wa chakula anayehesabu maharage mbele ya mpishi na wanafunzi, huyo anajifunza uongozi. Cheo ni kile kile. Mwanao akigombea, muulize atakuwa anatoa hesabu ya nini, na kwa nani.

Vyama vya dini

UKWATA, TYCS na CASFETA vya wanafunzi Wakristo, TAMSYA cha Waislamu, na vingine vya aina hiyo mara nyingi ndivyo vinavyoendeshwa vizuri kuliko klabu zote shuleni, na walimu hatupendi kulikiri hilo. Wanafunzi wenyewe wanaitisha kikao, wanakusanya michango, wanaandaa mkutano na shule jirani, wanamtembelea mgonjwa. Mlezi asipofika, ibada inaendelea. Kasoro moja tu: mtoto anakutana na watu wanaofanana naye. Basi awe na klabu nyingine yenye mchanganyiko, hata kama ni mpira.

Semina ya mhamasishaji

Sikumkataza yule mama, nilimpa hesabu. Kiingilio kile kingelipa nauli ya kambi na sehemu ya sare. Semina inawasha moto Jumamosi, watoto wanapiga kelele, wanaandika ndoto zao kwenye karatasi, wananunua kijitabu mlangoni. Jumatano kidogo kimebaki, kwa sababu hakuna aliyewapa kazi ya Alhamisi.

Kuna aina moja ya mgeni ninayempigania aje hata kwa nauli yangu: mwanafunzi wa zamani wa shule hii hii, aliyekaa kwenye dawati lile lililovunjika mguu, ambaye sasa ni fundi umeme au muuguzi au ana genge lake. Anasema alifeli nini na akafanya nini mwaka uliofuata. Hana maikrofoni wala kijitabu. Wanafunzi humfuata hadi getini.

Wapo pia wanaosema tungoje JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, itawanyoosha. JKT kwa mujibu wa sheria, iliyorejeshwa mwaka 2013, inawahusu wahitimu wa kidato cha sita. Wengi wa watoto ninaowafundisha masomo yao yataishia kidato cha nne. Hakuna cha kungoja.

Kidato na saa za jioni

Kalenda inakata maneno mengi. Kidato cha kwanza mtoto anahangaika na lugha mpya ya masomo. Mpe klabu ya mikono au ya Kiswahili: skauti, mazingira, Fema. Kidato cha pili kuna upimaji wa kitaifa mwezi wa kumi na moja, lakini mwanzo wa mwaka una nafasi, na hapo ukatibu wa mdahalo unaingia vizuri. Kidato cha tatu ndicho kilicho huru kuliko vyote. Kampuni ifanyike hapo, na uongozi. Kidato cha nne abaki na kitu kimoja, na baada ya likizo ya Juni akabidhi daftari kwa wadogo zake. Makabidhiano yenyewe yafanywe kwa maandishi.

Kisha kuna jambo lisiloandikwa kwenye ratiba. Klabu ikianza saa 9 alasiri na kuisha saa 11 jioni, mvulana anafika nyumbani anakuta chakula. Msichana anakuta ndoo. Nimepoteza wanachama wazuri wa kike kwa ajili ya ndoo, mboga na mdogo wa kubeba, na njia ya kurudi yenye giza na kichaka. Mzazi anayetaka binti yake ajiamini aangalie kwanza nani atachota maji siku ya klabu. Akimpunguzia siku moja kwa wiki, amefanya zaidi ya kumlipia semina.

Yule mama alikwenda kuzungumza na binti. Wiki iliyofuata binti akaja na jibu ambalo sikulitarajia: hataki skauti, hataki mdahalo, anataka kitalu, kwa sababu bibi yake anauza miche ya miparachichi na yeye anajua kuunganisha tawi la mti mmoja kwenye shina la mche mwingine. Hakuna mwalimu hapa anayejua kuunganisha. Alhamisi saa 9 anatufundisha; nimemwambia na mimi nitakuja na kisu.